85, 135 au 200: kuchagua lenzi ya tundu pana kwa picha za sura na za michezo

Mtu anayetafuta lenzi moja ndefu yenye tundu pana, ya kupigia picha za sura na ya kwendea uwanjani, hujikuta amekwama kwenye namba mbili: urefu wa fokasi, unaotajwa kwa milimita na ambao ukiwa mkubwa lenzi huvuta zaidi, na namba f, ambayo ikiwa ndogo tundu la kupitishia mwanga huwa pana. Achukue 85 f/1.4 au 135 f/1.8? Aridhike na 200 f/2.8 au ajipinde afikie 200 f/2? Akiuliza, majibu yanagongana, maana kila anayejibu anaisemea kazi yake. Mpiga picha za sura akiiona f/2 anawaza ukungu laini nyuma ya uso. Wa michezo akiiona f/2 hiyohiyo anawaza shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/1000 ya sekunde chini ya taa hafifu. Namba ni moja, kazi ni mbili, na kila kazi ina hesabu yake.

Vipimo vyote nitakavyotaja, nisipoeleza vingine, ni vya sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ya milimita 36 kwa 24.

Ukungu wa nyuma hupimwa kwa milimita

Namba f ni uwiano tu. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba f, utapata kipimo chenyewe: upana wa tundu jinsi linavyoonekana ukiichungulia lenzi kwa mbele. Kwa 85 f/1.8 ni milimita 47. Kwa 85 f/1.4 ni 61, na kwa 85 f/1.2 ni 71. 105 f/1.4 ina 75, na 135 f/1.8 ina 75 vilevile, huku 135 f/2 ikiwa na 67 na ushei. 200 f/2.8, ambayo wengi huidharau kwa sababu ya ile 2.8, ina 71. 200 f/2 ina 100 kamili.

Sasa mweke mtu kwenye fremu kwa ukubwa uleule ukitumia lenzi yoyote kati ya hizo, ukisogea mbele au kurudi nyuma kadiri inavyotakiwa. Taa ndogo iliyo mbali sana nyuma yake itachorwa kama duara. Ukilipima duara hilo kwa vipimo vya pale alipo mtu, upana wake ni sawasawa na upana wa tundu la lenzi. Kwa 135 f/1.8, kando ya shavu lake kutakuwa na duara la sentimita saba na nusu. Kwa 85 f/1.8, sentimita tano kasoro. Sheria hii haijali hata ukubwa wa sensa: 56 f/1.2 kwenye kamera ya APS-C, yenye sensa ndogo kuliko hiyo, ina tundu la milimita 47, ndiyo maana picha zake hazitofautiani sana na za 85 f/1.8 kwenye sensa kubwa.

Kwa hiyo 85 f/1.2, 105 f/1.4, 135 f/1.8 na 200 f/2.8 ni za ukoo mmoja. Zote ziko kati ya milimita 71 na 75, na kwa mandhari ya mbali zinatoa ukungu unaokaribia kulingana. Anayesema f/2.8 haiwezi kutenga uso na mandhari hajawahi kuipeleka hiyo 200 mahali pa wazi.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na ukungu wa nyuma, nalo ni kina cha fokasi, yaani unene wa eneo lililo kali mbele na nyuma ya jicho ulilolilenga. Hiki hakifuati milimita za tundu. Mtu akiwa na ukubwa uleule kwenye fremu, kina hufuata namba f karibu peke yake. Chukua picha ya kichwa na mabega, fremu ya wima yenye kimo cha sentimita 60 hivi: kwa f/2 kina ni takriban sentimita tatu na nusu, iwe umetumia 85, 135 au 200. Kwa f/1.2 kinabaki sentimita mbili. Kwa f/2.8 kinafika tano.

Viweke pamoja viwili hivyo. 85 f/1.2 na 200 f/2.8 zinaitoa mandhari ya mbali kwa ukungu uleule, lakini ya kwanza inakupa sentimita mbili za uso na ya pili inakupa tano. Mtu akigeuza kichwa kidogo, kwenye f/1.2 jicho la pili limeshaondoka. Kwenye f/2.8 bado lipo. Mimi nikiwa na nafasi ya kurudi nyuma, urefu ndio ninaoupenda zaidi kuliko namba ndogo ya f, na sababu ni hii.

Ila ile nafasi ndiyo yenye neno. Mambo yote niliyosema ya duara la taa yanahusu mandhari iliyo mbali. Ukuta ukiwa mita mbili nyuma ya mtu, lenzi fupi inapata nguvu kwa sababu wewe mwenyewe umesimama karibu naye. Kwa picha ileile ya kichwa na mabega, 85 humtaka mpiga picha asimame mita moja na nusu hivi, 135 mita mbili na nusu kasoro, 200 mita tatu na nusu. Ukizipeleka hesabu hizo kwenye ukuta wa mita mbili, duara la ukungu linakuwa milimita 35 kwa 85 f/1.4, 34 kwa 135 f/1.8, na 36 kwa 200 f/2. Lenzi tatu zenye uzito na bei zilizoachana kabisa, na ukungu ni mmoja. Ile 200 f/2.8 inabaki na 26 tu, inazidiwa hata na 85 f/1.8 yenye 27. Anayefanya kazi zake nyingi vyumbani hana sababu ya kubeba mizigo. Faida inayobaki kwa lenzi ndefu humo ndani ni kwamba inaona kipande chembamba cha ukuta: nyuzi 10 upande mrefu wa fremu kwa 200, dhidi ya nyuzi 24 kwa 85. Swichi, pazia na kona ya kabati vinaachwa nje.

Picha ya mwili mzima nayo ina tabia yake. Fremu ya wima yenye kimo cha mita mbili ni zaidi ya mara tatu ya ile ya kichwa na mabega, lakini duara la taa limebaki milimita zilezile. Kwa 85 f/1.8 duara hilo sasa ni sehemu moja ya arobaini na mbili ya kimo cha picha, ndiyo maana picha za mwili mzima kwa lenzi hiyo huonekana bapa hata ukiwa umelifungua tundu lote. Kwa 200 f/2 ni sehemu moja ya ishirini. Hapa ndipo 200 f/2 ilipojipatia jina, na hakuna 85 inayoifikia. Gharama yake ni umbali: mwili mzima kwa 85 unapigwa kutoka mita tano kasoro, kwa 135 mita saba na nusu, kwa 200 mita 11. Kutoka mita 11 maelekezo ya kumwelekeza mtu unayatoa kwa kupaza sauti, na si kila mtu hupumzika usoni akielekezwa kwa sauti ya namna hiyo.

Na umbo la uso? Wengi husema 85 ndiyo inayopendeza uso na 50 ndiyo inayoukuza pua. Lenzi haina habari na pua. Umbali ndio unaofanya kazi. Pua ikiwa sentimita 12 mbele ya masikio, kutoka mita moja na nusu sehemu za mbele zinakuzwa kwa takriban asilimia nane kuliko za nyuma. Kutoka mita tatu na nusu ni tatu na nusu tu. Zote mbili ni nyuso za kweli. Ya kwanza ndiyo tunayoizoea tunapoongea na mtu ana kwa ana, ya pili ni ya kumwona mtu ng'ambo ya chumba. Kwa uso mwembamba naona mita mbili hadi mbili na nusu zinatosha, na hapo 135 inakaa vizuri.

Uwanjani namba f inarudi kazini

Mchezaji hasubiri. Ili mikono na miguu isivutike, shata ya 1/1000 hivi ndiyo salama. 1/500 inafaa kwa mwendo wa wastani. Kitulizaji cha mtikisiko ndani ya lenzi hutuliza mkono wako, hakitulizi mguu wa mshambuliaji, kwa hiyo usikilipie sana kwa kazi hii. Ndani ya ukumbi ambao jicho linauona una mwanga wa kutosha, f/2.8 na 1/1000 zinaweza kuilazimisha kamera kupanda hadi ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na ikipanda huleta chembechembe kwenye picha). Kwa f/2 ni ISO 3200, kwa f/1.4 ni 1600. Milimita za tundu hazikusaidii kwenye mizani hii, kwa kuwa mwanga unaoiangukia kila sehemu ya sensa unaamuliwa na namba f.

Lakini soma namba hizo kwa akili. Kutoka f/2.8 hadi f/2 mwanga unaongezeka mara mbili. Kutoka f/2 hadi f/1.8 unaongezeka kwa chini ya robo, jambo ambalo huwezi kuliona kwenye picha. Anayeiacha 135 f/2 nzuri iliyotumika ili afikie f/1.8 kwa sababu ya mwanga peke yake anajidanganya. Kama ni kwa sababu ya mota mpya na ukali wa kona, hilo ni jambo jingine.

Mota, ile inayosogeza vioo vya fokasi, ndiyo inayoamua zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mkimbiaji anayekuja kwa mita nane kwa sekunde, ukimpiga kwa fremu 20 kila sekunde, husogea sentimita 40 kati ya fremu moja na nyingine. Kwa 135 f/2, mwili mzima ukijaza fremu ya wima, kina cha fokasi ni sentimita 38 hivi. Maana yake kila fremu anakuwa ameshatoka kwenye eneo kali la fremu iliyotangulia, na lenzi lazima iwe imeshaisogeza fokasi kabla shata haijafunguka tena. Lenzi isiyoweza hilo itakupa picha moja kali na tatu za ukungu, na f/1.2 yake haitakuokoa. Itakuzidishia tabu, kwa kuwa kina kimepungua.

Ndiyo maana lenzi maarufu ya sura inaweza kuwa mzigo uwanjani. Canon EF 85 f/1.2L ya mwaka 1989, na toleo lake la pili la 2006, zinapendwa kwa sura zake na zinajulikana kwa uvivu wa fokasi: mota inasukuma furushi zito la vioo. Lenzi zilizoundwa kwa ajili ya viwanja tangu mwanzo zinasogeza vioo vichache vyepesi vilivyo ndani. Canon EF 300 f/2.8L USM ya 1987 ndiyo iliyoingiza mota ya mawimbi ya sauti zisizosikika kwenye lenzi za kampuni hiyo, na haikuchaguliwa kwa bahati kuwa ya michezo. Siku hizi pengo limepungua. Sony FE 135 f/1.8 GM ya 2019 ina mota nne za mstari na inamfuata mkimbiaji bila kulalamika, ilhali ni lenzi ya sura kwa asili yake.

Kuna lenzi zilizokwenda mbali zaidi upande wa sura. Minolta 135 STF ya 1999, na baadaye Sony FE 100 STF ya 2017, zina kioo chenye weusi unaokolea kuelekea ukingoni mwa tundu, ili duara la ukungu lififie polepole pembezoni badala ya kukatika. Ukungu wake ni mzuri mno. Weusi huo lakini unakula mwanga: ile ya Sony imeandikwa f/2.8 na inapitisha mwanga wa f/5.6. Sura zitakushukuru, ukumbi wa mpira utakufukuza.

Umbali ndio unaochagua urefu

Zile mita za mwili mzima nilizozitaja kwa sura ndizo hizohizo za michezo: karibu mita 5 kwa 85, 7.5 kwa 135, 11 kwa 200, 17 kwa 300, na karibu 23 kwa 400. Zilinganishe na uwanja wako. Mpira wa kikapu una uwanja wa mita 28 kwa 15. Ukikaa nyuma ya mstari wa mwisho, kila kinachotokea chini ya kikapu cha upande wako kiko ndani ya mita chache, na hapo 85 na 135 zote zina kazi. Kikapu cha pili kiko zaidi ya mita 25 na hakuna lenzi ya mkononi itakayokifikia huku ikifaa pia kwa hiki cha karibu, kwa hiyo kisahau. Voliboli na judo zinafanana na hilo.

Mpira wa miguu ni habari nyingine. Eneo la penalti peke yake lina kina cha mita 16.5. Mchezaji aliyesimama ukingoni mwake, wewe ukiwa nyuma ya mstari wa goli, ndiye anayejaza fremu ya 300. Kwa 135 anakuwa chini ya nusu ya kimo cha fremu. Niseme wazi: 135 si lenzi ya mpira wa miguu, hata iwe kali namna gani, na anayeinunua kwa matumaini hayo ataishia kukata picha.

Kukata picha nako kuna hesabu yake, na hapa zile milimita za tundu zinajitokeza tena. Ukikata picha ya 135 f/1.8 hadi ibaki na uwanda wa 200, umebakiwa na asilimia 46 ya pikseli. Kamera ya megapikseli 24 inakuachia 11, zinazotosha kwa matumizi mengi. Chembechembe za ISO zinakuzwa pamoja na picha, na ukilinganisha kwa ukubwa mmoja, picha iliyokatwa inalingana na iliyopigwa kwa 200 f/2.7. Yaani 135 f/1.8 iliyokatwa ni sawa na 200 f/2.8 isiyokatwa, tundu la 75 dhidi ya tundu la 71. Hakuna mwanga wa bure uliopatikana, na hakuna uliopotea.

Telekonvata, kipande cha vioo kinachowekwa kati ya lenzi na kamera ili kuongeza urefu, inafanya jambo hilohilo kwa kioo. Ya 1.4 inaigeuza 200 f/2 kuwa 280 f/2.8. Ya 2 inaigeuza kuwa 400 f/4. Tundu linabaki milimita 100 kote. Kwa hiyo 200 f/2 ni lenzi tatu, kama mkono wako utakubali kuibeba: Canon EF 200 f/2L IS ya 2008 ina kilo mbili na nusu, na stendi ya mguu mmoja si anasa kwa mtu mwenye nayo. 135 f/2 ya Canon ya 1996 ina gramu 750, na kwa telekonvata ya 1.4 inakuwa 189 f/2.8 ambayo unaweza kuishika mchana kutwa.

Swali la lenzi ya zumu ya 70-200 f/2.8, yaani inayobadilika urefu kutoka 70 hadi 200, haliwezi kukwepwa. Kwa michezo ya nje, mchana, ambapo mchezaji anatoka mita 20 hadi mita 6 ndani ya sekunde tatu, zumu inaishinda lenzi yoyote ya urefu mmoja, na kwa 200 f/2.8 tundu lake ni lilelile la milimita 71, kwa hiyo hata kwa sura za nje haina aibu. Lenzi za urefu mmoja zinastahili nafasi yake pale mwanga unapokuwa mbaya na umbali haubadiliki sana, yaani kumbini, na pale unapotaka kitu ambacho f/2.8 haikitoi. Mwenye zumu hiyo tayari akiongeza 85 f/1.8 nyepesi anakuwa amefunika karibu kila kitu, vyumba vyembamba vikiwemo. Mwenye kuanza bila kitu, kazi zake zikiwa sura za nje na michezo ya ukumbini, 135 f/1.8 au f/2 ndiyo ningemwambia achukue. 105 f/1.4 ningemwachia anayepiga sura tu: ile ya Sigma ina uzito unaozidi kilo moja na nusu, na urefu wake unapungua haraka uwanjani.

Lenzi nyingi za aina hii hununuliwa zikiwa zimeshatumika, na ukaguzi wake una jambo moja ambalo kwa lenzi za kawaida halipo. Baadhi ya zile za zamani zenye tundu kubwa, kama Canon EF 200 f/1.8L ya 1988 na EF 85 f/1.2L, pete yake ya fokasi haijaunganishwa na vioo moja kwa moja. Unapoizungusha kwa mkono, unaituma mota. Mota ikifa, hata fokasi ya mkono imekufa, na lenzi inabaki imeganda pale ilipokuwa. Kwa hiyo iweke kwenye kamera iliyowashwa, ipeleke fokasi kutoka karibu kabisa hadi mbali kabisa mara kadhaa mfululizo, kwa otomatiki na kwa mkono, usikilize kama inasita, kisha uulize kama vipuri vya mota yake bado vinapatikana kabla hujaulizia bei.